Kopo la Vifungo

Kazi yangu ni udobi. Naamka alfajiri, nateka maji, najaza mabeseni matatu. La kwanza ni la kuloweka, la pili la kufulia, la tatu la kusuuzia. Nguo za kila nyumba nazitia alama. Ni uzi mfupi ndani ya kola, mahali ambapo shingo huuficha. Uzi mwekundu ni wa nyumba ya mwalimu. Uzi wa kijani ni wa mwenye duka. Uzi wa bluu ni wa mwenye nyumba wetu, ambaye mashati yake ni meupe kuliko ahadi zake.

Tunaishi ghorofani, chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ni pazia. Tuko watatu: mimi, binti yangu wa miaka kumi na tatu, na mdogo wake wa miaka sita. Huyo mdogo tunamwita Mkia, maana humfuata dada yake kila aendapo.

Mama yao alifariki miaka mitatu iliyopita. Alifia hospitalini, kwenye benchi, tukiwa kwenye foleni. Daktari alikuwa mmoja, wagonjwa hawahesabiki. Wakubwa walikuwa na magari mapya, hospitali haikuwa na kitanda. Watu walipita mbele yetu, hakuna aliyesimama. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia watoto wangu, na niliwasimulia mara nyingi. Kila nikimaliza nilisema maneno yaleyale: "Kila mtu abebe mzigo wake. Hukusaidiwa, usisaidie."

Nilidhani ninawafundisha maisha.

Ngazi za nyumba yetu ni za saruji. Zina vipandio kumi na viwili. Kipandio cha tatu kutoka chini kilivunjika ukingo miaka miwili iliyopita. Nilimwambia mwenye nyumba. Akasema, "Nimesikia." Nilikwenda ofisi ya mtaa mara tatu. Mara ya tatu karani aliniangalia juu ya miwani, akaniuliza, "Wewe ndiye ngazi?" Watu wote ofisini walicheka.

Basi tukajifunza kukiruka. Hata Mkia alijua. Alikuwa akipanda huku anaimba: moja, mbili, ruka.

Jirani yetu wa ukutani ni mzee mmoja. Tunamwita Fundi Saa. Hana mke, hana mtoto. Meza yake iko dirishani, na juu ya meza kuna saa za watu, zimefunguliwa matumbo. Macho yake bado ni makali, miguu ndiyo imechoka.

Siku moja niliondoka saa saba mchana kupeleka nguo. Nilimwachia binti yangu maagizo tangu asubuhi. "Ukitoka shule, bandika maharage. Usiyaache. Ukiyaunguza utanijua."

Nilirudi saa tisa. Nilimkuta Fundi Saa chini ya ngazi. Alikuwa amelala ubavu. Ndoo yake ilikuwa imebingirika mpaka mlangoni, na maji yake yalikuwa yameshakauka sakafuni. Mguu mmoja ulikuwa umepinda vibaya. Midomo ilikuwa mikavu.

"Jirani," alisema kwa sauti ndogo. "Leo umechelewa."

"Umeanguka saa ngapi?"

"Saa saba na dakika kumi." Mtu wa saa ni mtu wa saa. "Kijana mmoja alipita. Alisema nimelewa. Kisha akapita binti yako."

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari. Mfupa ulikuwa umevunjika juu ya kifundo cha mguu. Walimfunga plasta nyeupe, ngumu kama ukuta. Jioni nilirudi nyumbani. Maharage yalikuwa yameiva vizuri. Hayakuungua hata punje moja.

"Ulimwona Fundi Saa?" nilimuuliza binti yangu.

"Nilimwona."

"Yuko chini, amevunjika mguu, ukampita?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alinitazama usoni. Hakuwa na jeuri. Alijibu kama mwanafunzi anayetoa jibu alilofundishwa.

"Baba, si umesema kila mtu abebe mzigo wake?"

Niliinua mkono nimpige. Mkono ukabaki hewani. Mkia alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, ananitazama mimi, kisha anautazama mkono. Nikaushusha. Usiku ule niliogopa kitu ambacho sikuwahi kukiogopa. Sikuogopa njaa wala kodi ya nyumba. Nilimwogopa mtoto ambaye nilikuwa nimemlea mwenyewe.

Baada ya siku tatu Fundi Saa alirudishwa chumbani kwake. Mpwa wake alikuja kutoka mbali. Alikuwa mtu wa haraka, ufunguo wa gari mkononi.

"Mjomba, nitarudi baada ya wiki nane," alisema. "Nikikuta unashuka ngazi na kupanda mwenyewe, utabaki. Nikikuta huwezi, nakuchukua. Nimekutafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee."

"Na meza yangu?"

"Huko hakuna nafasi ya meza, mjomba."

Fundi Saa aligeuza uso ukutani.

Kesho yake alikuja mwanamke kijana, amevaa koti jeupe, ana mkoba mkubwa begani. Nilikuwa uani nasuuza.

"Shikamoo, baba. Nimetoka zahanati. Namtafuta mzee wa mguu."

"Marahaba. Leo ndio mmetumwa? Ngazi imevunjika miaka miwili, hakutumwa mtu. Mzee kavunjika, ndio mnatumwa."

"Mimi ni wa miguu, baba. Wa ngazi ni mwingine."

"Ndivyo mlivyo. Kila mmoja ni wa mwingine."

Hakukasirika. Alikwenda kwenye ngazi, akainama. "Ni hiki?"

"Ndicho."

"Na wewe unakiruka tangu lini?"

"Nimekwambia, miaka miwili."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Hayo ni maswali ya zahanati?"

"Hapana," alisema. "Ni yangu tu." Akaruka, akapanda juu.

Nilibaki na shati la watu mkononi, maji yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Niliwatukana wakubwa wote kimoyomoyo. Lakini hesabu nayo ilikuja yenyewe. Kumi kwa siku. Labda kumi na tano.

Yule mhudumu wa zahanati alikuwa akija mara mbili kwa wiki. Alisema mzee anahitaji mtu wa karibu. Mtu wa kumpa chakula, kumkalisha, na kumnyoosha goti asubuhi na jioni ili lisikakamae. Mimi nilitaka binti yangu afanye kazi ile. Nilitaka arekebishe kosa lake. Lakini sikujua njia. Nikatumia njia ninayoijua.

"Ukimpelekea mzee chakula wiki nzima," nilimwambia, "nitakununulia viatu vya kamba nyeupe."

Macho yake yakang'aa. Alipeleka sahani siku hiyohiyo. Alirudi upesi.

"Nimepeleka. Zimebaki siku sita."

Kesho: "Nimepeleka. Tano."

Siku ya nne yule mhudumu aliingia kwangu bila kubisha hodi. Mkononi alikuwa na sahani. Chakula kilikuwa kimepoa, sisimizi wanatembea juu yake.

"Hii nimeikuta mlangoni kwa mzee," alisema. "Imewekwa chini. Mzee yuko kitandani. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua sita. Yeye hawezi hata moja."

Nilimwita binti yangu kwa sauti kubwa. Mhudumu akanizuia kwa kiganja. "Subiri kwanza. Umemwambiaje?"

Nikamweleza habari ya viatu. Mkia akadakia, "Na mimi nikimletea baba vibanio, nitapata viatu gani?"

Mhudumu alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baba, umemfanya kibarua. Kibarua hufika, humaliza siku yake, huondoka. Ulimwambia apeleke sahani. Amepeleka."

"Basi nimchape. Wahenga walisema mchelea mwana kulia, hulia yeye."

"Ukimchapa atamwogopa nani? Atakuogopa wewe. Mzee atakuwa bado ana njaa." Aliweka mkoba chini. "Niruhusu niongee naye. Wewe kaa upande wa pili wa pazia, upige pasi. Usiseme neno."

Mimi kunyamazishwa nyumbani kwangu na mtu wa serikali! Lakini nilikwenda. Nilitia makaa kwenye pasi, nikatandaza shati. Upande wa pili nilisikia sauti yake. Haikuwa ya kukaripia.

"Siku ile ulipomwona babu chini, ulifanya nini kwanza?"

Nilisikia kiti kikisogezwa.

"Sikuja kukugombeza, mdogo wangu. Nataka kujua tu."

"Nilisimama," binti yangu alisema.

"Ukasimama. Halafu?"

"Aliniita mwanangu. Nikataka kuinama. Halafu nikasikia sauti ya baba."

"Baba alikuwepo?"

"Hapana. Kichwani. Akisema kila mtu na mzigo wake. Na maharage yasiungue. Nikapanda mbio. Niliziba masikio."

Nilinusa kitu kikiungua. Lilikuwa shati la mwalimu. Pasi ilikuwa imesimama juu ya mfuko wake, na mimi nilikuwa nimesahau kuwa nina mkono.

Mhudumu alinifuata uani. Alivua koti lake jeupe, akalikunja upande wa vifungo.

"Wiki iliyopita nilikupa koti hili unifulie," alisema. "Lilikuwa halina kifungo cha tatu. Nilikipoteza mwenyewe. Limerudi lina vifungo vyote. Nani kashona?"

"Ni kazi tu."

"Bei yako ya kufua ina vifungo ndani?"

"Haina."

"Una vifungo vya watu wote?"

Nikamwambia. Mke wangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Alikuwa akiokota kila kifungo kilichobaki kwenye beseni, akakiweka humo. Nguo ya mteja ikikosa kifungo, alitafuta kinachofanana, akashona. Hakumwambia mtu. Alisema mtu asirudi kwake na pengo kifuani. Alipofariki, mikono yangu iliendelea. Sijui kwa nini. Kopo nalificha nyuma ya sanduku. Nashona watoto wakiwa shule.

"Kwa nini wakiwa shule?"

"Mimi ndiye nasema hakuna wa kusaidiwa. Wanione nawashonea watu vifungo bure, nitaweka wapi uso?"

Yule mwanamke akasema, "Baba, uchungu wako unausema kwa sauti kila siku. Wema wako umeufungia kwenye kopo. Hawa watoto watajifunza upi?"

Povu la sabuni lilikuwa linapasuka taratibu kwenye beseni.

"Binti yako alipokuwa mdogo hakupenda kusaidia?" aliuliza.

"Alipenda mno. Akiwa na miaka minne alinisumbua kweli. Anataka kuanika. Anashika kibanio, anaangusha nguo safi kwenye tope. Nikamfukuza. Nilikuwa na kazi."

"Ulimfukuza akiwa na hamu. Sasa unamwita akiwa hana."

"Basi nifanye nini, dokta?"

"Mimi si dokta. Nilisomea miezi tisa tu, mengine nimeyaona majumbani mwa watu." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Wakuone. Ukishona, shona mbele yao. Sema unamshonea nani, na kwa nini. Huyu mdogo akitaka kubeba, mwache abebe, hata akiangusha. Utafua mara mbili, lakini utapata mtoto mmoja mwenye mikono. Na huyu mkubwa usimwambie kwamba ana roho ya jiwe. Ukimwita jiwe atakaa kama jiwe. Mwambie kosa lake lilimfikia nani, likamuumiza wapi. Halafu umpe nafasi ya kulitengeneza."

"Bila adhabu?"

"Kulitengeneza ni kugumu kuliko fimbo. Fimbo ni dakika moja."

"Na akifanya vizuri nimpe nini?"

"Mwambie alichofanya kimemfaa nani. Inatosha. Usimpe pipi kama unafuga kasuku."

Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka juu. "Na viatu umnunulie," alisema akiwa mlangoni. "Lakini umnunulie kwa sababu vyake vimechakaa."

Jumapili mchana niliwaita watoto. Nilitoa kopo nyuma ya sanduku, nikaliweka juu ya meza. Nikamimina. Vifungo vilitawanyika: vyeupe, vyeusi, vya mashimo mawili, vya mashimo manne, kimoja chekundu cha gauni la mtoto.

"Baba, hilo kopo la mama!" binti yangu alisema. Hakuwa ameliona tangu msiba.

"Ndilo. Nitafutieni kifungo cheupe cha mashimo manne."

Mkia alileta cheusi. Nikamwambia, "Umekaribia. Tafuta tena." Akatafuta, ulimi nje.

"Shati la nani?" dada yake aliuliza.

"Uzi wa bluu."

"La mwenye nyumba? Yule?"

"Yuleyule."

"Amekulipa?"

"Hata ngazi hajatengeneza."

"Sasa kwa nini unamshonea?"

Nilichoma sindano, nikaitoa upande wa pili. Swali lilikuwa la haki. Nilijua nikilijibu nitalazimika kusema na lile jingine.

"Wanangu, nimewadanganya," nilisema. "Ile habari ya mama yenu hospitalini. Niliwapa nusu."

Hakuna aliyecheza tena na vifungo.

"Nilisema watu walipita, hakuna aliyesimama. Si kweli. Alikuwepo mfagiaji. Mwanamke mfupi, kiatu chake kimoja kimefungwa kwa kamba. Alipotuona aliegemeza ufagio ukutani. Akakaa sakafuni. Akachukua kichwa cha mama yenu akakiweka mapajani. Akawa anampepea kwa kipande cha boksi. Msimamizi wake alimwita. Hakuondoka. Akaitwa tena kwa matusi. Hakuondoka. Mama yenu alimshika kidole. Alipokata roho alikuwa bado amekishika."

Mkia aliuliza, "Mama hakuwa peke yake?"

"Hakuwa peke yake."

"Kwa nini hukutuambia?" Sauti ya binti yangu ilikuwa kama ya mama yake akiwa amechoka.

"Nilikuwa na hasira, mwanangu. Bado ninayo. Wale wakubwa hawakututendea haki, na hilo sitalifuta. Lakini nilitaka watu wote wawe wabaya. Ni rahisi kuchukia wote. Ukimkumbuka yule mfagiaji, hesabu inaharibika."

Kisha binti yangu alisema, akiwa anatazama meza, "Fundi Saa alikuwa peke yake."

Ningeweza kumwambia basi, yamepita. Nilikumbuka maneno ya yule mhudumu. Nikamweleza aliyoniambia mzee mwenyewe.

"Aliona soksi zako nyeupe. Akajua ni wewe. Akakuita mwanangu. Ulipopanda mbio, hakudhani umemwacha. Alidhani umekwenda kuita mtu. Kwa hiyo akatulia. Saa yake ya mkononi ilikuwa sikioni mwake. Akawa anaisikiliza, anasubiri ushuke. Alisubiri mpaka nilipofika mimi."

Binti yangu alilia. Sikumwambia anyamaze. Sikumwambia aendelee. Nilisogeza kiti tu. Mkia alimwekea dada yake mkononi kile kifungo chekundu cha gauni. Alikuwa hana kingine cha kumpa.

Baadaye alisimama, akafuta uso kwa kanga. "Nakwenda kwake. Baba, nisindikize mpaka mlangoni. Usiingie."

Nikamsindikiza. Sikuingia. Mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Siku ile nilikuona. Nikapita. Nisamehe."

Saa za mezani zilikuwa zinagonga, kila moja na mwendo wake.

"Iliniuma," alisema Fundi Saa. "Si mguu tu."

"Najua, babu. Baba ameniambia ulikuwa unanisubiri."

"Ndiyo. Nilikusubiri." Alinyoosha mkono. "Na sasa umekuja. Basi nisaidie kukaa, mjukuu wangu. Nimetazama dari mpaka nazijua nyufa zake kwa majina."

Tangu siku ile hakuhitaji kutumwa. Asubuhi kabla ya shule alimkalisha mzee, akamnyoosha goti kama alivyoonyeshwa. Jioni vivyo hivyo. Mwanzo alikuwa mzito. Alimwaga uji juu ya shuka. Alisahau siku mbili, akaja kuomba radhi mwenyewe. Lakini mzee alikuwa akimsimulia mambo ya saa, na yeye akawa anarudi na habari. "Baba, unajua kuna gurudumu dogo kuliko punje ya mchele?" Nilijifunza kusema neno jipya. Sikusema "wewe mtoto mzuri." Nilisema, "Leo mzee amekaa saa nzima kwa sababu ulimshika." Naye alikuwa ananyoosha mgongo.

Na Mkia nilimpa kazi ya vibanio. Siku ya kwanza aliangusha mashati mawili kwenye tope. Matusi yalinijia mpaka kwenye meno. Nikayameza. Nikafua upya. "Shati likianguka," nilimwambia, "mwalimu atakwenda darasani na doa. Shika kwa mikono miwili." Siku ya kumi hakuangusha hata moja. Alisimama chini ya kamba kama mlinzi wa benki.

Wiki ya sita plasta ilikatwa. Mzee alisimama na mkongojo, akatembea chumbani. Siku ile binti yangu alirudi akiwa na wasiwasi.

"Baba, babu akifika kipandio cha tatu itakuwaje? Yeye hawezi kuruka."

Nilifungua mdomo niseme: hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Nikaufunga.

"Saruji nusu ndoo itatosha," nilisema.

Tulifanya siku moja tu. Mimi nilipiga ubao pembeni, binti yangu alichanganya mchanga na saruji, Mkia alimwaga maji, na mengi alijimwagia mwenyewe. Nilisawazisha kwa kipande cha bati. Miaka miwili ya lawama, na kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja! Sikufurahi. Niliona aibu, nikaendelea kusawazisha.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisi ya mtaa. Karani alikuwa palepale na miwani yake.

"Wewe tena? Wewe ndiye ngazi?"

"Ndimi," nilisema. "Nimepona. Sasa nimeleta habari ya taa ya ngazini isiyowaka, na safari hii nimekuja na majirani sita." Walikuwa nyuma yangu, wamesimama. Karani alitafuta kalamu. Msidhani nimewasamehe wale watu. Kutengeneza kwangu hakuondoi deni lao. Ila sasa nadai nikiwa nimesimama.

Wiki ya nane mpwa alifika, ufunguo wa gari mkononi. Fundi Saa alikuwa amevaa shati lake safi, vifungo vyote vimefungwa. Alishuka kipandio baada ya kipandio. Binti yangu hakumshika. Alikuwa mbele yake, chini kwa kipandio kimoja, viganja wazi. Walipofika kipandio cha tatu mzee alisimama. Akakigonga kwa mkongojo, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akakikanyaga kwa mguu ule uliovunjika. Alifika chini, akageuka, akapanda tena. Ilimchukua dakika tisa. Alizihesabu mwenyewe.

"Haya, nenda zako salama," alimwambia mpwa wake. "Ukirudi niletee saa yako hiyo. Inachelewa."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mzee ni jirani, na kumsaidia jirani uliyemkosea ni deni. Mimi nilikuwa bado na hofu yangu. Nilijiuliza, je, akikutana na mtu asiyemjua?

Mwezi uliopita nilitoka kupeleka nguo, narudi mchana. Nilipokaribia nyumbani niliona mwanamke mgeni barabarani, mchuuzi wa mboga. Kapu lake lilikuwa limepasuka chini, nyanya zimetawanyika mpaka mtaroni. Binti yangu alikuwa amepiga magoti, bado na sare ya shule, anaokota na kupangusa. Mkia alinikimbilia na nyanya moja mkononi.

"Baba! Hii imepasuka, lakini sijaila!"

"Ni ya nani?"

"Ya yule mama. Hatumjui."

Binti yangu aliinua uso. Hapo ndipo akakumbuka. Akatazama juu kwenye dirisha letu, kisha akanitazama mimi. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka, na harufu ilikuwa imefika barabarani.

"Baba," alisema, "maharage..."

Mikono yake ilikuwa imejaa nyanya za mtu.

Nilipanda ngazi, vipandio vyote kumi na viwili, nikaepua sufuria mwenyewe.